Yaliyomdumisha Collins Injera katika raga kwa miaka 15

BOFA, Kilifi

MAJI yanapokupwa katika ufuo wa Bofa, hususan wakati wa bamvua, bahari huacha nyuma yake uwanja mpana wa mchanga mgumu usiolipiwa ada wala kuombewa kibali. Hapo ndipo vijana wa mji wa Kilifi na vitongoji vyake hupata mahali pa kukimbizana na mpira. Aghalabu mpira huo ni wa duara, kwa kuwa soka ndiyo mfalme wa michezo katika pwani hii kuanzia Malindi hadi Vanga. Hata hivyo, mpira wa umbo la yai nao si mgeni tena. Tangu Kenya ilipotwaa ubingwa wa duru ya Singapore mwaka 2016, ni nadra kumpata mwanafunzi wa shule ya upili nchini ambaye hajawahi kulisikia jina la Shujaa, timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande.

Mzazi ambaye mwanawe anamwambia kuwa anataka kuishi kwa raga ana haki ya kuuliza swali moja: mchezo huu wa kupigana vikumbo utakulisha kwa muda gani? Mvuvi wa Kilifi anajua mashua yake itadumu miaka mingapi akiitunza. Mwenye minazi na mikorosho anajua mti utazaa hadi lini. Mwanaraga hajui. Goti moja likigeuka vibaya Jumamosi, riziki ya Jumatatu imo mashakani.

Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa kwa nadharia. Yafaa kumtazama mtu aliyedumu, na nchini Kenya hakuna mfano ulio bayana kuliko ule wa Collins Injera.

Injera alizaliwa Oktoba 18, 1986. Ni mdogo wake Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Shujaa, na ndugu yao mwingine, Michael Agevi, naye amewahi kuivalia Kenya jezi. (Msomaji asishangae ndugu watatu wa nyumba moja kuwa na majina matatu tofauti ya mwisho, katika jamii nyingi za Kenya kila mtoto hubeba jina lake, na watangazaji wa kigeni ndio waliotaabika kulieleza jambo hilo.) Klabu yake ni Mwamba ya Nairobi, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na wachezaji Waafrika wakati ambapo raga ya Kenya ilikuwa bado mikononi mwa klabu za walowezi na warithi wao. Hiyo si klabu ya benki wala ya kiwanda cha sukari. Ni klabu ya wanachama, na Injera aliichezea hata alipokuwa ameshapata sifa za kumwezesha kwenda kwingineko nchini.

Aliingia katika Raga ya Dunia mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 20. Msimu wa 2008-09 ndio uliomtoa gizani. Alifunga trai 42, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika mashindano hayo msimu huo. Mwaka huo huo wa 2009, chini ya ukufunzi wa Benjamin Ayimba, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba mjini Dubai baada ya kuibandua Fiji katika robo fainali. Wengi walidhani ile ilikuwa bahati ya mara moja. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, Kenya ilirudi tena katika nusu fainali ya kombe hilo.

Kwa wasiouelewa mchezo huu, trai ni pale mchezaji anapouweka mpira chini, nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani. Hupewa pointi tano, na baada yake timu hupata nafasi ya kuongeza mbili kwa mkwaju. Mchezaji wa pembeni kama Injera ndiye humaliziwa mpira aukimbize. Kwa hiyo hesabu ya trai ni kipimo cha kasi, na vilevile cha kujua mahali pa kusimama kabla wengine hawajajua.

Siku inayokumbukwa zaidi ni Aprili 17, 2016. Singapore ilikuwa duru ya nane ya msimu. Kenya ilikuwa imeshiriki Raga ya Dunia kwa miaka mingi bila kulinyakua taji kuu hata mara moja, na timu iliyokuwa ikiingojea katika fainali ilikuwa Fiji, mabingwa watetezi wa msururu mzima, ambao miezi minne baadaye wangetwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika raga hii. Kenya iliwachabanga 30-7. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, mikoba ya ukufunzi ilikuwa imerudi mikononi mwa Ayimba, na Injera alifunga trai mbili. Wakenya waliosahau kila kitu kingine kuhusu raga wanayakumbuka matokeo hayo.

Lakini fainali hiyo ina jambo ambalo halitajwi sana. Injera alikuwa katika mwaka wake wa kumi katika timu ya taifa. Kayange, kakake, alikuwa amedumu muda mrefu kuliko yeye. Amonde alikuwa na miaka 32. Kocha aliwafahamu tangu ujana wao. Taji hilo halikuletwa na kizazi kipya kilichochipuka ghafla. Lililetwa na watu waliokuwa wameshindwa pamoja kwa mwongo mzima na bado wakawa uwanjani.

Mwezi mmoja baadaye, Mei 2016, jijini London, Injera aliivunja rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa amefunga trai 230, na kuwa mfungaji bora wa trai katika historia ya Raga ya Dunia. Mwingereza Dan Norton alimpita mwaka 2017 na hatimaye kufikisha trai 358. Injera alifikisha 279. Alishiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ambako Kenya ilimaliza ya 11, na Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, ambako ilimaliza ya tisa. Huko Tokyo alikuwa na miaka 34. Tangu 2006 hadi hapo ni takriban miaka 15.

Magazeti hupenda kuhesabu trai, na ni haki yao, maana trai ndizo zinazojaza ukurasa. Kwa maoni yangu, tarakimu inayostahili kuangaliwa na kijana anayeanza ni hiyo ya mwisho. Wapo wachezaji wa Kenya waliokuwa na mbio kama za Injera, na wengine kumzidi. Wachache mno walicheza nusu ya miaka yake.

Kwa nini miaka 15 ni mingi kiasi hicho? Raga ya wachezaji saba huonekana nyepesi kwa macho. Mechi huwa na dakika 14 pekee, saba kila kipindi, ikilinganishwa na dakika 80 za raga ya wachezaji 15. Uwanja, hata hivyo, ni ule ule wa mita 100 kwa 70 hivi. Eneo lililotengewa watu 30 sasa linalindwa na kushambuliwa na watu 14. Kila mmoja hukimbia kwa kasi ya juu, husimama ghafla, hubadili mwelekeo, humwangusha mpinzani mwenye kilo 100, huinuka na kukimbia tena. Baada ya saa tatu hivi hurudi uwanjani kucheza mechi nyingine. Mwishoni mwa juma timu hucheza mechi tano au sita. Katika msimu wa duru 10, kama ule wa 2015-16, hizo ni karibu mechi 60.

Ongeza safari. Msimu huo ulianzia Dubai na Cape Town, ukaenda Wellington na Sydney, kisha Las Vegas na Vancouver, Hong Kong na Singapore, na kumalizia Paris na London. Wakati wa kiangazi cha huko, Wellington huwa saa 10 mbele ya Nairobi. Vancouver, wakati wa baridi, huwa saa 11 nyuma. Mwili wa mchezaji hauna muda wa kujua ni usiku au mchana, na usingizi mbovu ni rafiki mkubwa wa majeraha.

Majeraha yenyewe yana ramani yake. Msuli wa nyuma ya paja huchanika mchezaji anapofyatuka kwa kasi akiwa amechoka. Kano za goti hukatika anapokata kona huku daluga limeng'ang'ania nyasi. Jeraha la namna hiyo likihitaji upasuaji, mchezaji huwa nje kwa takriban miezi tisa, na si wote hurudi na kasi yao. Bega hung'oka katika kukabili. Kisha kuna kichwa. Zamani mchezaji aliyepata mtikiso wa ubongo alimwagiwa maji usoni akaambiwa aendelee. Siku hizi kanuni inataka aondolewe uwanjani mara tu anaposhukiwa kuumia, na haruhusiwi kurejea ila kwa hatua zinazosimamiwa na daktari. Mabadiliko hayo yamewaongezea wachezaji wengi miaka, si ya kucheza tu bali ya kuishi na akili timamu baada ya mchezo.

Sasa turudi Bofa kidogo, maana mchanga una somo lake hapa. Wapo wanaoamini kuwa kukimbia mchangani ni mazoezi ya maskini asiyekuwa na uwanja wa nyasi. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1998: kukimbia kwenye mchanga laini hutumia nguvu takriban mara 1.6 ya zile zinazotumika kwenye ardhi ngumu. Mguu huzama, na sehemu ya nguvu iliyopaswa kumsukuma mtu mbele hupotea katika kuusogeza mchanga. Fiji, taifa lenye watu wasiotimia milioni moja, limeifanya elimu hiyo kuwa desturi. Wachezaji wake hupandishwa na kushushwa katika vilima vya mchanga vya Sigatoka hadi wengine watapike. Nasi tuna vilima vyetu huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ingawa watalii ndio wanaovipanda zaidi.

Faida ya mchanga kwa mtu anayetaka kudumu ni mbili. Kwanza, hupunguza kishindo kinachopanda kutoka unyayoni hadi gotini na kiunoni. Pili, humlazimisha mchezaji kuimarisha misuli midogo ya kifundo cha mguu, ile ambayo nyasi haiisumbui. Madhara nayo yapo. Mchanga laini huivuta kano ya kisigino kupita kiasi, kwa hiyo anayeanza asikimbie humo muda mrefu. Aidha ufuo wowote huinama kuelekea majini. Anayekimbia upande mmoja tu, kila siku, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, atajitafutia maumivu ya nyonga. Mwenye busara hukimbia kwenda na kurudi. Mchanga mgumu ulio karibu na maji ni wa kufanyia mbio za kasi, na ule mkavu wa juu ni wa mazoezi mafupi ya nguvu.

Ila mchanga pekee haukumfikisha mtu yeyote Tokyo. Aliyemtazama Injera kwa miaka yote hiyo aliona akibadilika. Katika miaka ya mwanzo aliwashinda wapinzani kwa mbio tupu. Baadaye, vijana wenye miguu mibichi walipoanza kumkaribia, trai zake nyingi zilitokana na kuwahi: alikuwa tayari kando ya mwenzake aliyekabiliwa, alikuwa tayari chini ya mpira uliopigwa juu kuanzisha mchezo upya, alikuwa tayari upande ambao walinzi walikuwa wameutupa mgongo. Elimu hiyo haipatikani katika chumba cha kunyanyulia vyuma. Hupatikana kwa kucheza misimu mingi, na misimu mingi haipatikani ila kwa kutovunjika. Ni mduara, na wengi hutokea humo kabla hawajauona.

Mfano wa mduara huo unaweza kuonekana hata katika mchezo wa wachezaji 15. Simon Shaw, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1973, aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Alikwenda na timu ya British and Irish Lions Afrika Kusini mwaka 1997, akaenda nayo tena New Zealand mwaka 2005, bila kuchezeshwa katika mechi kuu hata moja. Alipopata nafasi hiyo hatimaye, mjini Pretoria mwaka 2009, alikuwa na umri wa miaka 35, na akatajwa kuwa mchezaji bora wa mechi. Aliendelea kuichezea Uingereza hadi Kombe la Dunia la 2011 na kumaliza na mechi 71 za kimataifa, kisha akahamia Toulon ya Ufaransa kumalizia siku zake.

Shaw alikuwa na kitu ambacho Injera hakuwa nacho: ligi ya kulipwa nyumbani. Raga ya wachezaji 15 iliruhusiwa rasmi kuwa ya kulipwa Agosti 1995, na tangu hapo klabu za Uingereza na Ufaransa zimekuwa waajiri kamili, zenye madaktari, wataalamu wa viungo, wapishi na bima. Nchini Kenya hali ni nyingine. Timu ya taifa ya wachezaji 15, Simbas, haijawahi kufuzu kwa Kombe la Dunia. Klabu nyingi za Ligi Kuu huwapa wachezaji posho za nauli na mazoezi. Zile zenye taasisi nyuma yake, mathalan KCB ya benki na Kabras Sugar ya Kakamega, ndizo zilizoweza kuwapa wachezaji uhakika zaidi, na si ajabu kuwa ndizo zilizotawala kombe la ligi katika mwongo uliopita. Kwingineko mchezaji hulazimika kuwa na kazi ya mchana na kufanya mazoezi jioni akiwa amechoka tayari.

Kwa hiyo njia ya kuishi kwa raga nchini Kenya imepitia mlango mmoja mwembamba: kandarasi ya timu ya taifa ya wachezaji saba. Nafasi hizo ni chache, na hutegemea mfadhili. Mfadhili akiondoka, mlango hufungwa.

Mambo ya mwaka 2018 yanaeleza hilo kuliko maelezo yoyote. Msimu wa 2017-18 ulikuwa wa kuvutia mno. Kenya, chini ya Innocent Simiyu, ilifika fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, ikashindwa na Fiji katika zote mbili, na ikamaliza ya nane ikiwa na pointi 104, nyingi kuliko ilivyowahi kupata. Kisha Juni, mjini Paris, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wamelifunika jina la mfadhili kwenye jezi zao, wakilalamikia malipo. Picha hizo zilienea duniani kote. Simiyu akapoteza kazi. Msimu uliofuata wachezaji wengi wenye uzoefu, Injera akiwamo, hawakuonekana kwa sehemu kubwa ya mashindano kwa sababu ya mvutano kuhusu kandarasi. Vijana waliotumwa badala yao walijitahidi kadiri ya uwezo wao, na Kenya ikaponea chupuchupu kushushwa ngazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoisimulia taaluma ya mwanaraga kana kwamba ni hadithi ya nidhamu ya mtu mmoja. Nidhamu ipo, na asiye nayo hafiki popote. Lakini mwaka ule hapakuwa na msuli uliochanika wala goti lililovunjika. Kilichowatoa wachezaji uwanjani kilikuwa karatasi. Mtu wa miaka 31 au 32, mwenye watoto na kodi ya nyumba, hawezi kuweka mwili wake rehani kwa ahadi. Nchi iliyopoteza msimu mmoja wa wachezaji wake wa umri huo ilipoteza sehemu ya kumbukumbu ya timu, ile inayomwambia kijana wa miaka 20 asimame wapi dakika ya 13.

Injera alirejea katika msimu wa 2019-20. Gonjwa la korona likasimamisha mashindano Machi 2020, na Olimpiki ya Tokyo ikaahirishwa kwa mwaka mzima. Kwa mchezaji wa miaka 22, mwaka mmoja wa kungoja ni usumbufu. Kwa mwenye miaka 33 unaweza kuwa mwisho. Alingoja, akafanya mazoezi, akaenda. Amonde, aliyekuwa nahodha na mmoja wa wabeba bendera wa Kenya katika sherehe za ufunguzi, alikuwa na miaka 37. Ayimba hakuwaona wakicheza. Aliaga dunia Mei 2021, miezi miwili kabla ya michezo hiyo.

Baada ya kizazi hicho kuondoka, pengo lilionekana. Mei 2023, jijini London, Kenya ilizidiwa na Canada katika mechi ya mchujo na kushushwa kutoka Raga ya Dunia baada ya takriban miongo miwili. Mwaka mmoja baadaye, mjini Madrid, iliishinda Ujerumani na kurejea, kisha ikashiriki Olimpiki ya Paris ya 2024. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo si takwimu tu kwa wachezaji. Timu ikishuka, duru hupungua, wafadhili husita, na kandarasi za mwaka unaofuata huandikwa kwa kalamu nyembamba.

Kijana wa Kilifi afanye nini basi? La kwanza ni kujua mahali pa kuanzia. Mfumo wa michezo ya shule za upili ndio kitalu cha raga ya Kenya, na ukweli ni kwamba kitalu hicho kimestawi zaidi Nairobi, Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi kuliko Pwani. Asiyeupata mchezo huu shuleni anaweza kuupata chuoni: Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake kamili mwaka 2013, kiko papa hapa mjini Kilifi na kina timu ya raga. Kusini, mwendo wa kilomita 60 hivi, ipo klabu ya Mombasa katika uwanja wa Mombasa Sports Club, na kule Diani ipo South Coast Pirates.

Uwanja huo wa Mombasa ndio pia ambao umekuwa ukiandaa mashindano ya Driftwood, mojawapo ya duru za kitaifa za raga ya wachezaji saba. Katika duru kama hizo ndipo makocha wa Shujaa hutafuta sura mpya. Kijana asiye na klabu kubwa anaweza kuonekana hapo kwa nauli ya matatu ya kwenda na kurudi. Akachezea Nairobi, Nakuru au Kisumu baadaye, lakini duru iliyo mlangoni pake asiiache impite.

La pili ni kuisoma kandarasi. Mchezaji anayepewa karatasi na timu yoyote aulize mambo matatu kabla hajatia sahihi. Akiumia akiwa kazini, nani atalipia upasuaji na miezi tisa ya kupona? Malipo yataendelea akiwa nje? Na je, anaruhusiwa kusoma au kufanya kazi nyingine msimu ukiwa umesimama? Wengi hutazama kiasi cha mshahara tu, na kiasi hicho ndicho huwa hakina maana siku goti linapokatika. Akiwa hana wa kumsomea, amtafute mwalimu au wakili. Gharama ya saa moja ya wakili ni ndogo kuliko ya goti.

La tatu ni hesabu nyepesi ya umri. Tuseme kijana aliye kidato cha pili leo anafanikiwa kama Injera alivyofanikiwa, jambo ambalo kwa kweli hutokea kwa wachache sana. Ataingia timu ya taifa akiwa na miaka 20 na kutundika daluga akiwa na 34. Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Hata katika taaluma ndefu kabisa ya raga, kijana huyo atakuwa na miaka 26 mbele yake ya kutafuta riziki bila mpira, na hataianza akiwa na uzoefu wa kazi ambao wenzake waliobaki ofisini wameukusanya.

Waliotangulia waliijaza miaka hiyo kwa njia tofauti. Amonde aligeukia ukufunzi. Kayange, aliyesomea kemia, alikuwa ameanza kujijengea njia nyingine akiwa bado anacheza: Oktoba 2009, akiwa na miaka 27, alikuwa mmoja wa wajumbe waliokwenda Copenhagen kuishawishi Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iirudishe raga katika michezo hiyo. Kamati ilikubali, na miaka saba baadaye, akiwa na miaka 34, aliicheza mwenyewe huko Rio. Mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mwanachama wa kamati ile ile kupitia tume ya wanamichezo, na mwaka huo huo jina lake likaingizwa katika orodha ya magwiji wa raga duniani. Naye Dennis Ombachi, aliyecheza pamoja nao, aliingia jikoni na kamera, na leo wapo wengi wanaomfuata mitandaoni kwa ajili ya namna anavyokaanga samaki na kuchoma nyama ambao hawajui kwamba aliwahi kuivalia Kenya jezi.